Kipimo cha homoni kisigeuzwe hati ya talaka

  

Ndugu zangu Waislamu, yapo mambo tunayaacha yasemwe jikoni na kwenye shughuli za akina mama, na mimbarini hatuyagusi. Moja ni hili la ndoa zilizokaa miaka bila mtoto. Siku hizi limeongezeka jambo jipya. Zamani mke alisimangwa kwa maneno tu. Leo anasimangwa kwa karatasi yenye mhuri wa maabara. Anapelekwa kutolewa damu, homoni zinapimwa, zinarudi tarakimu, na mtu asiyejua hata zinasomwaje anatoa hukumu: huyu hana mayai, mwacheni.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la msikiti wetu, na karatasi hizo nimeziona. Ndiyo maana nikawauliza madaktari wanazisomaje wao.

Mtoto wa kike huumbwa na mayai yake yote akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anazaliwa akiwa nayo kati ya milioni 1 na milioni 2. Akibaleghe yamebaki kama laki 3 au laki 4, na katika umri wake wote wa kuzaa yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Mengine yanapotea yenyewe mwezi hadi mwezi, awe ameolewa au hajaolewa. Subhanallah. Sasa vipo vijifuko vidogo vinavyolea mayai hayo, navyo hutoa homoni inayoitwa AMH. Vikiwa vingi homoni huwa nyingi, vikipungua nayo hupungua. Ipo na nyingine, FSH, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuamrisha mayai yapevuke. Mayai yakipungua, tezi huongeza sauti, na FSH hupanda. Hii hupimwa siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi, na ikichukuliwa siku yoyote ovyo majibu yake yanapotosha. AMH inaweza kupimwa siku yoyote, lakini mwanamke anayetumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango anaweza kuonekana ana kidogo kuliko alichonacho.

Vipimo hivi vinakisia akiba ya mayai iliyobaki. Havisemi kama yai ni zima, jambo ambalo umri ndio unaolieleza zaidi. Havisemi kama mirija iko wazi. Wala havisemi neno lolote kuhusu mume.

Katika dini yetu shahidi anatoa ushahidi wa alichokiona. Mtu aliyeona jahazi likitoka bandarini haulizwi kama lilifika Unguja. Kadhi atakayemuuliza hilo na kuhukumu kwa jibu lake ameidhulumu haki. Na Qur'an (17:36) inatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44, ambao hawakuwa na historia ya ugumba na walikuwa wakitafuta mimba kwa njia ya kawaida. Wale wenye AMH ndogo walishika mimba sawa na wenzao. Miaka miwili baadaye chama cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyo kikawaelekeza wanachama wake wasitumie kipimo hiki kumtabiria uzazi mwanamke asiye na tatizo la kutoshika mimba. Na kuna la kinyume chake: wapo wanawake wenye AMH ya juu sana, wifi zao wakadhani ni heri tupu, kumbe ni maradhi ya vijifuko vingi kwenye ovari na mayai hayapevuki kwa wakati.

Sisemi kipimo hakina kazi. Kina kazi kubwa. Kinamsaidia daktari kujua kiasi cha dawa za kupevusha mayai kwa mama anayetibiwa, na kinaweza kumzindua binti ambaye mayai yake yanaelekea kuisha kabla ya miaka 40, asipoteze muda. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa, na anayepima ili atibiwe yuko katika mafundisho hayo. Tatizo ni huyu anayempima mkewe ili amshitaki.

Nitaje kisa kimoja, nikiwa nimeyaondoa yanayoweza kuwatambulisha wenyewe. Bwana mmoja alikuja barazani na bahasha. Ndoa ilikuwa na miaka minne, mke miaka 31, AMH yake iko chini. Talaka moja alikuwa ameshaitoa na mke yuko ndani ya eda. Mama mkwe na mawifi walikuwa wameshapata mchumba mwingine. Tukamuuliza yule bwana, wewe umepima? Akakasirika. Akasema yeye ni mzima, na mke ni shahidi wa uzima wake.

Hapa ndipo wanaume wengi tunapopotea. Tunachanganya nguvu za kiume na uzazi. Mtu anaweza kuwa na nguvu za kumshinda simba, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Kwa makadirio ya madaktari, karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto zina sababu upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Yule bwana alipima baada ya wiki mbili za kubembelezwa. Mbegu zake zilikuwa chache mno. Alimrejea mkewe kabla ya eda kwisha, na sasa wanatibiwa wote wawili. Mtoto bado. Lakini jiulize: angeoa yule mchumba, naye akakaa miaka minne, angepelekwa maabara gani?

Kuwa mume huenda ndiye asiyezaa si jambo lililoletwa na Wazungu. Katika Suratush-Shura (42:49-50) Mwenyezi Mungu anaeleza kuwa humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia, na amtakaye humjaalia kuwa tasa. Aya haikusema mwanamke. Neno lililotumika ni la wote. Na imepokewa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alimtuma mtu kazi ya zaka, yule mtu akaoa huko alikokwenda ilhali mwenyewe ni mtu asiyezaa. Umar akamuuliza kama alimweleza mkewe. Aliposema hapana, akamwamuru arudi akamweleze, kisha ampe hiari. Ibnul Qayyim ameitaja habari hii katika Zadul Maad. Wangapi kati yetu leo tungekubali kuamrishwa hivyo?

Najua atakayesimama na hadithi ya Maaqil bin Yasar, aliyoipokea Abu Dawud, ya mtu aliyeshauriwa asioe mwanamke asiyezaa, na Waislamu wakahimizwa kuoa wenye mapenzi na wenye kuzaa. Hadithi ipo. Lakini wanachuoni wameifahamu kuwa ni himizo kwa anayetaka kuoa, si uharamu, na mtu yule alikuwa na habari ya mwanamke yule, hakuwa akibahatisha kwa tarakimu. Haikuja kumpa mtu fimbo ya kumpigia mke aliye ndani. Bi Aisha (r.a.) hakuzaa. Mtume (s.a.w.) alimpa kuniya ya Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubeir, na akafariki kichwa chake kikiwa kifuani kwa mke huyo asiyezaa.

Kwa sababu hiyo sikufurahi mama mmoja aliponiuliza kama inajuzu kumtaka mposwa wa mwanawe alete kipimo cha AMH kabla ya mahari. Nilimwambia kwanza kipimo hakitampa anachokitafuta. Pili, kama ni kupima, mwanao naye atangulie. Akacheka, akaenda zake.

Kuna hatari nyingine ya karatasi hii. Mama akishaambiwa mayai ni machache, kliniki nyingine humshauri achukue yai la mwanamke mwingine. Tuwe waangalifu. Mtoto wa kwanza wa kutungishwa maabara alizaliwa Uingereza Julai 1978, na Machi 1980 mufti wa Misri, Sheikh Jadul Haq Ali Jadul Haq, akatoa fatwa kuwa inajuzu ikiwa ni mbegu ya mume na yai la mke wake, ndani ya ndoa. Mwaka 1986, katika kikao cha Amman, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likaharamisha njia zote zinazomwingiza mtu wa tatu, ama kwa mbegu, ama kwa yai, ama kwa tumbo. Nasaba si kitu cha kuazima.

Na mirija tusiisahau. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani miaka ya 1980 ulionyesha kuwa katika Afrika, mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni sababu kubwa kuliko mahali pengine. Hiyo homoni haiioni hata kidogo, inahitaji picha yake. Na maambukizi mengine huletwa nyumbani na huyo huyo mwenye bahasha.

Basi maimamu na wazee wa mabaraza, ndoa ya namna hii ikifika mbele yenu, mwaka mmoja ukiwa umepita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke ana miaka 35 na zaidi, wapelekeni wote wawili siku moja. Wanaume huniuliza faraghani juu ya manii ya kupimwa. Wanachuoni wamesema ayatoe kwa msaada wa mkewe. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwingilia, ayaweke kwenye kichupa safi cha maabara, akihifadhi karibu na mwili kisipoe, na kifike ndani ya saa moja. Anayekaa mbali na maabara aulize kwanza, maana nyingine zina chumba cha faragha ambacho mume na mke wanaweza kuingia pamoja.

Wallahu aalam.