Ruhusa ya Mtu Asiyeweza Kukataa

Mtu akikwambia "sawa, piga," je, kweli amekuruhusu kumpiga picha? Swali linaonekana dogo, lakini kikundi chetu cha vijana bado kinalibishania, na nimeona nililete kwenye kijarida chetu ili na ninyi mbishane. Wengi hujibu haraka: amekubali, basi yameisha. Mimi nasema inategemea. Hiyo "sawa" ina uzito pale tu ambapo mtu huyo angeweza pia kusema "hapana" na maisha yake yakaendelea vilevile. Kama hawezi kukataa, bado hajaruhusu, hata kama ameweka sahihi.

Mabishano yetu yalianzia mlimani. Kwa wasomaji wa mbali, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Leo tuko Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kutembea, kwa hiyo mwisho wa wiki, ukiwa na nguvu za miguu, unapanda kilima bila kumwogopa mtu. Jumamosi hiyo tulikuwa saba. Kamera ya kweli ilikuwa moja, tena ya zamani, wengine tulikuwa na simu. Tulitoka alfajiri na chapati na maji ya dumu, kabla jua halijawa kali.

Watu wanaopenda picha, bwana, kutembea nao ni kazi! Kila hatua kumi mmoja amepiga goti anapiga picha jani lenye umande, mwingine anarudi nyuma kutafuta mwanga. Safari ya saa mbili ikawa ya saa nne. Lakini juu tulipata tulichokifuata: ziwa limelala chini, ukungu unatoka polepole, migomba upande mmoja, na upande mwingine mabati na maturubai ya kwetu yanang'aa kama samaki. Mmoja wetu akasema hajawahi kuiona kambi ikiwa nzuri hivyo. Hakuna aliyecheka, maana sote tulikuwa tumewaza hivyo hivyo.

Huko juu tulimkuta mzee akichunga ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu. Jua lilikuwa nyuma yake. Mwenzetu mwenye kamera alishikwa kabisa, akamwomba rafiki yetu aliyekulia huku na anayejua Kinyankole amwombee ruhusa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Ngaaha." Yaani hapana. Hakukasirika wala kutoa sababu. Akatuuliza tunatoka wapi, akatuonyesha njia fupi ya kushukia, akaendelea na ng'ombe wake.

Tukiwa njiani kushuka tulikutana na mama mmoja wa Kivu amebeba mzigo wa kuni kichwani. Tukamsalimia. Alipoona kamera, yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Pigeni, watoto wangu. Pigeni hivi hivi na kuni zangu, labda wataniona."

"Nani watakuona, mama?"

"Si wale wa ofisi."

Mwenye kamera alikuwa ameshainua. Akaishusha. Akamwambia: "Mama, sisi si watu wa shirika. Tunapiga picha kwa kupenda tu. Hii picha haitafika ofisini, wala haitakuletea kitu."

Mama akatuangalia, akacheka. "Basi mngesema mapema! Ngojeni." Akatua kuni kando, akafunga kitenge upya, akajifuta jasho, akasimama wima, mlima nyuma yake. "Sasa pigeni. Na mniletee yangu."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, ukatufikisha mpaka nyumbani. Mwenzetu mmoja alisema tumeharibu picha. Picha ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli, akasema: kuni, jasho, uchovu. Hiyo ya pili ni ya studio, mtu amejipanga. Tena mama alikuwa ameshakubali, sasa kwa nini kumpa maelezo mengi?

Hoja yake si ya kijinga, kwa hiyo nitaijibu kwa heshima. Kuni ni kweli. Lakini hata kitenge kilichofungwa vizuri ni kweli. Mama yule ana siku ya kubeba kuni na siku ya kwenda kanisani, ana saa ya kulia na saa ya kucheka. Kweli zake ni nyingi. Swali ni nani anachagua ipi iende mbele za watu. Mimi naona mwenye uso ndiye mwenye haki ya kuchagua. Na angalieni alichochagua alipojua kwamba hakuna kitu nyuma ya picha: alitua mzigo. Ile "sawa" ya kwanza ilikuwa ombi la msaada. Ya pili ndiyo ilikuwa ruhusa. Maneno yalifanana, lakini la kwanza lilisemwa na shida yake, la pili alilisema mwenyewe.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumsamehe aliyekula kisicholiwa. Lakini inamhusu pia anayempa kile chakula: ukijua kwamba mwenzako hana nafasi ya kuchagua, usijisifu kwamba amechagua. Hapa Uganda, tangu mwaka 2023 msaada wa chakula hutolewa kwa makundi, kufuatana na kiwango cha shida ya kila familia. Sibishani leo na mpango huo. Nasema tu ujue kinachopita kichwani mwa mama akiona kamera mbele yake: huenda uso wa huzuni una faida, huenda kukataa kuna hasara. Hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini hakuna pia aliyemwambia kwamba si hivyo.

Yule mchungaji alikuwa katika hali tofauti. Alisimama kwenye malisho anayoyajua, ng'ombe wanamsikia, sisi ndio tulikuwa wageni. "Hapana" yake haikumgharimu hata tone la maziwa. Ndiyo maana angesema "ndiyo", ningeiamini kabisa.

Hata sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi na faragha, ya mwaka 2019, inasema ridhaa ni ile inayotolewa kwa hiari, mtu akiwa ameelezwa na ameelewa. Kwa hiari. Fomu inaweza kuonyesha sahihi au alama ya dole gumba. Hiari haionekani kwenye fomu, inabidi uitafute kwa mtu mwenyewe.

Kuna mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1984 mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, nchini Pakistan. Juni 1985 picha hiyo ilitoka kwenye jalada la National Geographic, na yale macho ya kijani yakajulikana kila mahali. Jina lake halikujulikana. Alitafutwa na kupatikana mwaka 2002, miaka 17 baada ya jalada lile, ndipo watu wakajua kwamba anaitwa Sharbat Gula. Iliandikwa kwamba aliikumbuka siku ile, na alikumbuka hasira yake, kwa sababu mtu asiyemjua alikuwa amempiga picha. Miaka yote ile watu waliyasoma macho yale walivyotaka: wengine wakaona hofu, wengine ujasiri. Mtoto mkimbizi, mbele ya mtu mzima mgeni mwenye kamera, angekataaje? Hapo alikuwa na njia moja tu ya kusema "hapana", nayo ni macho. Na hayo macho ndiyo yaliyouza picha.

Sasa mtu ataniuliza: kwa hiyo tusipige picha za shida? Julai 1994 umati wa wakimbizi kutoka Rwanda uliingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka. Picha zilizotoka kule ziliamsha dunia, ndege zikaleta maji na dawa. Mpiga picha angekwenda kuomba ruhusa kwa mtu anayekata roho? Hapana, asingeweza. Nakubali kwamba kuna siku ambapo kunyamaza ni vibaya kuliko kuonyesha, na kwamba mahali pasipopigwa picha husahaulika haraka.

Lakini hiyo haiondoi deni, inalihamisha. Kama aliye mbele yako hawezi kusema "hapana", basi kazi ya kuisema imekuja kwako wewe mwenye kamera. Jiulize: mtu huyu angekuwa na afya, ameshiba, amesimama mlimani na ng'ombe wake, angeniruhusu kuichukua hii? Huenda angeruhusu umati uonekane, foleni ya maji ionekane, hema lililochanika lionekane. Huenda asingeruhusu uso wa mtoto wake aliye uchi. Ukijiuliza hivyo kwa uaminifu, bado utapata picha za kuionyesha dunia, ila utaacha nyingine bila kupiga, na ni sawa.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya neno "mwenzetu". Eti mimi pia ni mkimbizi, kwa hiyo nikimpiga jirani si kosa. Simu ikiwa mkononi mwangu na jirani hana, siku hiyo mimi ndiye mwenye nguvu. Picha nikiiweka mtandaoni inafika kwa shemeji yake kule alikotoroka, inafika hata kwa anayemtafuta kwa ubaya. Kuna watu hapa walikimbia ili wasionekane. Mtu wa aina hiyo hatakueleza sababu, kama vile yule mzee hakutueleza. Na si lazima atueleze.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, najua wengi wenu mnaagizwa picha kutoka juu na mna tarehe ya ripoti. Nina maombi matano. Msipige siku ya mgao, wala foleni ikiwa inaendelea. Anayeomba ruhusa asiwe yule anayeandika majina ya wanaopokea. Semeni kwa lugha ya mtu, na mrudie mara mbili, kwamba akikataa hakuna kitakachopungua. Halafu ngojeni. Mpeni nafasi ya kutua mzigo, kujifuta uso, kuamua anataka kuonekana vipi. Mwisho mrudishieni nakala, ili akibadili mawazo awe anajua ni picha gani anayoikataa.

Pengine picha zitapungua. Pengine zitakazobaki zitakuwa na watu waliosimama wima, na mtu wa mbali atasema, "Mbona hawa hawaonekani kuwa na shida?" Hapo maelezo ya chini ya picha yafanye kazi yake: andikeni wazi kwamba mama huyu hutembea kutafuta kuni, kwamba mgao umepungua, kwamba ana watoto. Shida inaweza kuelezwa kwa maneno bila mtu kuvuliwa heshima yake.

Mwenzetu aliyesema tumeharibu picha bado hajakubali. Anasema nikifuata njia yangu, siku ya kushuhudia jambo kubwa nitachelewa nikiwa najiuliza maswali. Huenda. Kama na wewe unaona hivyo, leta makala yako toleo lijalo tuisome.