Kioo, Mkono na Unyoofu wa Mgongo

Swali la namna mtu anavyoujua unyoofu wa mwili wake huonekana jepesi hadi linapoingia katika chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, ambako mtu mzima asiyeona anafundishwa kuurekebisha mgongo uliopinda. Skoliosisi, yaani kupinda kwa uti wa mgongo upande huku pingili zake zikijizungusha, huthibitishwa pale pembe inayopimwa kwenye picha ya eksirei, kwa kanuni aliyoieleza John Cobb mwaka 1948, inapofikia digrii 10. Na mbinu mashuhuri ya mazoezi yake, iliyoasisiwa na Katharina Schroth nchini Ujerumani katika miaka ya 1920, ilitegemea tangu mwanzo kioo, ambamo mgonjwa hujitazama akielekeza pumzi kwenye upande wa kifua uliobonyea.

Kioo kilihitajika kwa sababu mwili uliozoea kupinda huhisi kwamba kupinda huko ndiko kunyooka, na ukisawazishwa hulalamika kuwa umeinamishwa. Hisi inayodanganya hapa ni ile ambayo Charles Sherrington aliiita propriosepsheni mwaka 1906, yaani taarifa zitokazo kwenye misuli, kano na maungio, zinazomjulisha mtu kiungo chake kilipo bila kukitazama. Basi anayeona naye haujui unyoofu wake kutoka ndani. Anaupokea kwa shahidi wa nje, na kilichopungua kwa asiyeona ni shahidi mmoja tu kati ya kadhaa, maana ukuta, sakafu, pumzi inayojaa mbavu na mkono wa mtaalamu vinabaki.

William Molyneux wa Dublin aliuliza mwaka 1688 kama kipofu wa kuzaliwa, anayetofautisha tufe na mchemraba kwa kugusa, angevitambua kwa macho siku akipata kuona. Katika tiba hii swali linageuka, na anayetahiniwa ni mtaalamu: je, yeye aliyejifunza unyoofu kwa macho anaweza kuukabidhi kwa mkono? Wengi hushindwa, pengine kwa kuwa husema "simama kama hivi" pasipo kutambua kwamba hawajasema lolote. Aidha, mkono usiotanguliwa na maneno humshtua asiyeuona ukija, misuli ikakaza, na ushahidi wake ukaharibika.

Linabaki swali zito zaidi, nalo ni unyoofu huo unatafutwa kwa ajili ya nani. Kwa mtu mzima, ambaye mifupa yake imekwisha kukomaa, mazoezi hulenga zaidi kupunguza maumivu, kurahisisha upumuaji na kuimarisha mizani ya mwili kuliko kuifuta pembe. Mabega yaliyo sawa kwa mstari ni haja ya watazamaji, na mgonjwa asiyejitazama ana haki ya kuuliza kwa nini ayatolee jasho.