Je, Polepole ni Uvivu?

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopigana. Moja yasema: Haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mvivu huchukua ile ya kwanza, akalala. Mwenye pupa huchukua ile ya pili, akakimbia. Kila mmoja ana methali ya kujitetea, na hasara huwapata jirani zao. Basi tujiulize vema: polepole ipi ni akili, na ipi ni uvivu tu?

Tusianze na mambo makubwa. Tuanze na mihogo.

Kila mama ajua kwamba mihogo ni ya namna mbili, mitamu na michungu. Ile michungu ina sumu ndani yake. Waganga wa hospitali huiita sianidi. Hata hivyo watu wengi hupenda kuipanda, wala si wajinga: yazaa hata katika udongo uliochoka, na nyama wa porini na wezi hawaisumbui sana. Lakini sharti ilowekwe majini siku tatu, au zaidi kukiwa na baridi, mpaka ilainike na kuanza kuchacha. Ndipo sumu itokapo. Kisha huanikwa, hutwangwa, huchekechwa. Mama hawezi kuyahimiza maji. Apige kelele, aombe, akasirike, siku tatu ni siku tatu.

Sasa sikieni yaliyotokea Kwango. Mwaka 1938 mganga mmoja aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa wa huko, ambao Wayaka huuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo miguu yake yote miwili yakakamaa. Aenda kwa ncha za vidole na fimbo mkononi, au hasimami tena kabisa. Akili yake ni ile ile, lakini miguu hairudi kuwa kama zamani, wala hakuna dawa ya kuiponya. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Baadaye ugonjwa huo ulionekana pia kwingine: Tarime katika Tanzania mwaka 1985, na hata kwetu Kivu ya Kusini, huko Burhinyi.

Asili yake haikujulikana upesi. Katika miaka ya 1980 na iliyofuata, waganga waliochunguza vijiji vya Bandundu waliona jambo la kushangaza. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imefika. Kamyo zilikuja kununua mihogo mikavu, na watu walianza kuiloweka siku moja tu badala ya tatu. Mihogo ilikaushwa, ikaonekana myeupe, safi, kama ile ya zamani. Waliokula mingi, tena bila samaki wala nyama wala maharagwe, ndio waliofungwa miguu.

Tazameni bei yenyewe: siku mbili zilizookolewa, kwa miguu ya mtoto maisha yake yote.

Ni rahisi kumlaumu mama yule. Sisi hatumlaumu. Watoto wake walikuwa na njaa, kamyo haingoji, karo ya shule haingoji, na shamba la mwaka ule lilikuwa limekwisha kuuzwa nusu yake. Awezaye kungoja ni yule mwenye akiba ghalani. Kungoja ni mali, na maskini huporwa mali hiyo kabla ya nyingine zote. Kwa hiyo twaona haya kidogo tunapomsikia mtu aliyeshiba akiwahubiria wenye njaa fadhila ya saburi.

Basi yafaa kufanya nini? Tuwaangalie mama wenye desturi nzuri. Hawangoji siku tatu wakikunja mikono. Leo watia mihogo kisimani, kesho watia mingine, kesho kutwa tena, na siku ya nne watoa ile ya kwanza. Tangu hapo kila siku wana chakula, na kila muhogo umepata siku zake. Kazi haikuongezeka, ila ilianzwa mapema, kabla ya njaa kupiga hodi. Huo ndio mpango. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu Yezu Kristu asimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi apaswavyo kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Tumezoea kuifikiri ile hesabu tu. Tulikumbuke pia neno la kuketi: mtu yule aketi kabla hajashika jiwe lolote, na wapitao njiani wangeweza kumdhania mvivu.

Lakini nani aketi? Katika nyumba nyingi baba huketi kweli, akingojea ugali, naye hajui mihogo ililala majini siku ngapi. Mama ana shamba, maji, kuni, na mtoto mgongoni. Tukimwachia yeye peke yake na mpango pia, tusishangae akikata siku. Baba achimbe kisima cha kulowekea. Apande maharagwe. Ajue siku. Jambo hili ni la sakramenti ya Ndoa kama mengine yote.

Sasa twaweza kutaja jambo kubwa. Mwaka 1955 Mbelgiji mmoja, profesa Van Bilsen, alitoa mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru. Wabelgiji wengi walikasirika, wakaona ni haraka mno. Mwaka 1956 watu wa ABAKO walijibu kwamba hawawezi kungoja tena. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na mpaka leo wako wasemao: laiti wangalingoja. Sisi twahukumu vingine. Waliokuwa wakisema "polepole" tangu miaka mingi, walikuwa wameloweka nini? Chuo kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 tu! Polepole yao ilikuwa kisima kitupu. Lakini Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville kando ya ziwa Tanganyika, alisoma miaka mingi kabla ya siku ile, na kila mwaka ulikuwa na kazi ndani yake. Kwa hiyo mtu akituambia "ngojeni", tuna haki ya kumuuliza ametia nini majini.

Tena tusiwasahau wale wa Kwango. Katika miaka ya 2010 mama wa vijiji kadhaa huko walifundishwa njia ya kuusafisha unga ambao haujaaminika. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba, usizidi unene wa sentimeta moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipate kuruka hewani. Kisha hupikwa siku ile ile. Hata njia hii fupi yataka saa zake mbili. Atakaye ugali wa jioni hana budi kuulowesha unga wake jua likingali juu.