Ahadi ni deni, na mdai ni Sara

"Ahadi ni deni" ni methali tunayomtupia aliyeahidi: akitimiza, heshima yake, asipotimiza, aibu yake. Mdai hatumtaji. Lakini imani, kama Biblia inavyoisimulia, ni habari ya mdai. Ibrahimu aliondoka Harani ana miaka 75, ahadi ya Mungu ya uzao ikiwa mkononi. Isaka alipozaliwa, baba yake alikuwa na miaka 100. Ni miaka 25 ya kumdai mtu asiyeweza kuitwa barazani.

Katikati ya miaka hiyo Sara, mkewe, alichoka. Walikuwa wamekaa Kanaani miaka 10 bila mtoto, na hofu yake tunaijua: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akamtoa Hajiri, mjakazi wake Mmisri, amzalie. Mahubiri mengi humlaumu hapo kwa uhaba wa imani. Mhubiri wa Tarime au Mugumu angepunguza sauti kidogo, maana huenda kwenye benchi la mbele ameketi bibi aliyefanya jambo hilohilo.

Wakurya wa huko huliita nyumba ntobhu. Katika mji wa mzee mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wa nyumba hiyo, na mrithi ni mtoto wa kiume. Akikosekana, mali huelekea kwa watoto wa mke mwenza au kwa ndugu za mume, na nyumba ile huhesabiwa imekufa. Basi mama hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa binti, mara nyingi kwa jina la mwana ambaye hakupata kuzaliwa. Binti huzaa na mwanamume asiye na dai lolote, na watoto ni wa nyumba ya bibi. Simcheki bibi huyo, wala Sara. Shemeji wakishaswaga ng'ombe, hawawarudishi kwa sababu mjane amefunga na kuomba.

Ila methali ina upande mchungu: deni likichelewa, nani analipishwa? Aliyeahidi ni Mungu. Aliyelipa kwa tumbo lake ni Hajiri, ambaye hakuahidi kitu wala hakuulizwa. Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, lakini hata kabla ya hapo dharau na mateso vilikwisha ingia hemani, na Hajiri, mimba tumboni, alikwisha kimbilia jangwani. Mwana si wako, ambaye methali humtishia naye mzembe, Sara alimpata kwa kuharakisha.

Binti wa nyumba ntobhu yuko mahali pa Hajiri. Ng'ombe wamekwenda kwa baba yake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Akifukuzwa na watoto wake, hawezi kusimama mahakamani kama mke wa mtu.

Na kuna jambo linalopitwa haraka mno Jumapili: Hajiri naye aliahidiwa. Kule jangwani malaika alimwambia uzao wake hautahesabika. Mungu akawa na madeni mawili katika mji mmoja, akayalipa yote: Sara alipata Isaka akiwa na miaka 90, Hajiri, alipofukuzwa na kiriba cha maji kikamwishia nyikani, alionyeshwa kisima, na kwa Ishmaeli wakatoka wakuu 12. Hakuchukua cha mmoja kumfidia mwingine. Kumsubiri mdaiwa wa namna hiyo maana yake ni kutokamata mali ya asiyehusika ili deni lionekane limelipwa.

Kusubiri huko kunahitaji pa kuegemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi ya kijiji, kwa hati ya hakimiliki ya kimila iliyoandikwa jina lake mwenyewe. Haimalizi kiu ya mjukuu wa kubeba jina, hilo nakubali. Lakini mchungaji anayemwambia bibi asubiri kama Ibrahimu angemsindikiza pia mpaka ofisi ya kijiji, Jumatatu asubuhi, kabla shemeji hawajafika.