Keki, Biskuti na Dhamiri ya Wakili

Mwaka 1991 jopo la rufaa za kodi nchini Uingereza lilikaa kuamua jambo ambalo muuza duka yeyote wa mtaani kwetu angelimaliza huku akihesabu chenji: je, Jaffa Cake ni keki au ni biskuti? Kwa asiyeijua, ni kitafunwa kidogo cha duara, chini kina kikeki laini, katikati jeli ya chungwa, juu chokoleti. Sheria ya VAT ya kule iliweka keki kwenye kiwango cha sifuri, lakini biskuti iliyopakwa chokoleti ikatozwa kodi kamili. Kwa hiyo wanasheria wazima wakabishana juu ya kitafunwa. Jopo likapima jina, viungo, ukubwa, na namna bidhaa inavyopangwa dukani. Baadhi ya dalili zilielekea kwenye biskuti. Mojawapo ya hoja zilizoelekea upande wa pili ni hii: biskuti ikikaa sana hulainika, keki ikikaa sana hukauka, na Jaffa Cake hukauka. Ikaamuliwa ni keki.

Miaka kumi na nane baadaye ikaja zamu ya Pringles. Watengenezaji walidai kwamba viazi ndani yake ni asilimia 42 hivi tu, hivyo haiwezi kusemwa kuwa “imetengenezwa kwa viazi”. Mahakama Kuu iliwakubalia mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ikawakatalia mwaka 2009. Majaji waliona kwamba swali la namna hii mtoto anaweza kulijibu kwa busara kuliko mtaalamu wa vyakula. Usicheke sana, maana kodi ya nyuma iliyogombewa ilitajwa kufikia pauni milioni 100.

Nazipenda kesi hizi kwa sababu zinafanana na kazi tunayoifanya sisi wasomaji. Neno moja linawekwa mezani, watu wanalizunguka, mmoja anasema maana iko kwenye herufi, mwingine anasema iko kwenye kusudi la aliyeandika. Wakili wa kodi ni mhakiki, ila uhakiki wake unalipwa. Sisi tukisoma vibaya riwaya ya Kezilahabi, hakuna shule inayokosa madawati. Yeye akisoma vizuri kifungu cha sheria kwa niaba ya tajiri, fedha fulani haiingii hazina. Hapo ndipo ninapokwama: mtu anayekodisha akili yake ili tajiri alipe kidogo, anatenda kosa la kimaadili hata kama sheria haimgusi?

Jibu la haraka la mtaani ni ndiyo. Kiswahili chenyewe kinatusukuma huko. Wanasheria hutenganisha kumdanganya mtoza kodi, ambalo ni kosa la jinai, na kupanga mambo yako ndani ya sheria ili kodi ipungue. Sisi yote mawili tunayaita kukwepa kodi. Wataalamu wamejaribu kutuletea “kuepuka” kwa lile la pili, lakini kati ya kukwepa na kuepuka mwananchi haoni tofauti, na mimi simlaumu.

Hata hivyo jibu hilo linapita juu ya jambo kubwa. Uingereza uanasheria umegawanyika: kuna anayempokea mteja na kuandaa makaratasi, na kuna yule wa joho, barrister, anayesimama mbele ya jaji na kuandika maoni ya kitaalamu. (Kwetu wakili mmoja hubeba yote mawili.) Huyu wa joho ana kanuni ya zamani inayofananishwa na foleni ya teksi: kesi ikiwa ya fani yako, una nafasi na malipo ni halali, huruhusiwi kumkataa mteja kwa sababu anachukiwa. Mwaka 1792 Thomas Erskine alimtetea mwandishi Thomas Paine, aliyeshtakiwa kwa kitabu chake, wakati watu wakubwa hawakutaka kumsikia. Erskine akapoteza cheo chake kwa mwana wa mfalme kwa ajili hiyo. Utasema Paine alikuwa mwandishi aliyeandamwa, kampuni ya chipsi siyo. Kweli. Ila kanuni haiulizi nani anastahili huruma, kwa sababu siku ikianza kuuliza, wa kwanza kukosa wakili hatakuwa tajiri.

Tena serikali nayo husoma vibaya. Tunaukumbuka mwaka 2017 wa makinikia, ambapo Acacia ilipelekewa madai ya kodi, riba na adhabu yaliyofika takribani dola bilioni 190. Tarakimu ile tuliisoma redioni na magazetini tukiwa hatujui hata tuitamke vipi. Mwishowe Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300 kumaliza migogoro yote, na kampuni ya Twiga ikazaliwa. Labda yalikuwa makubaliano mazuri. Lakini kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna shimo ambalo hakuna hukumu iliyolifukia, na mwananchi hadi leo hajui ukweli ulikuwa upande gani wa shimo hilo. Linganisha na kesi nyingine ya kampuni ileile, ilipokuwa bado inaitwa African Barrick Gold. TRA iliidai kodi ya zuio kwa gawio la zaidi ya dola milioni 400 lililolipwa kwa wanahisa kati ya 2010 na 2013, wakati migodi ya huku ilikuwa ikitangaza hasara. Kesi ikapita Bodi, ikapita Baraza, ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2020 kampuni ikashindwa. Ilikuwa na mawakili, wakasema yote waliyoweza kusema, na wakajibiwa kwa maandishi. Ndiyo maana mimi naiamini hukumu ile kuliko tarakimu ya 2017. Wakili wa mgodi alinisaidia mimi mlipakodi bila kukusudia.

Kwa hiyo wakili aliyesimama mahakamani simhukumu. Jaji yupo, mwanasheria wa serikali yupo, mlango uko wazi, na mwandishi wa habari kama mimi anaweza kukaa benchi la nyuma akasinzia na kuamka.

Shida yangu ni ile kazi ya pili, inayofanyika bila jaji. Mtu wa biashara anabuni mpango wa kupunguza kodi, anampelekea mwanasheria bingwa, bingwa anaandika maoni kwamba kwa mtazamo wake mpango utasimama, anaweka sahihi. Kuanzia hapo karatasi ile inageuka bidhaa. Wateja wananunua kwa sababu ya jina lililoko chini. Mwaka 1981 Bunge la Mabwana, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa mahakama ya juu ya Uingereza, lilikutana na mpango wa namna hiyo katika kesi ya Ramsay. Kampuni ya kilimo ilikuwa imepata faida kwa kuuza ardhi, ikanunua hasara ya dukani ili kuifuta faida hiyo. Ilitoa mikopo miwili, riba ya mmoja ikashushwa hadi sifuri na ya wa pili ikapandishwa, huu ukapata faida iliyotarajiwa kutotozwa kodi, na hasara ya kupeleka kwa mtoza kodi ikazaliwa kwenye hisa za kampuni iliyokopeshwa. Mfukoni hakuna kilichotoka wala kuingia isipokuwa ada. Majaji wakakataa kusoma karatasi mojamoja, wakasoma hadithi nzima mwanzo mpaka mwisho, wakaona hakuna hasara. Mwaka 2013 Bunge likaongeza kanuni ya jumla dhidi ya mipango iliyopindukia, ambayo kipimo chake ni kama mtu mwenye busara angeweza kweli kuuona mpango huo kuwa wa busara.

Na karatasi ile inawaacha wapi walioinunua? Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London iliamua kesi ya wawekezaji zaidi ya mia moja walioweka fedha kwenye mipango ya filamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mipango iliyokuja kugonga mwamba mbele ya mamlaka ya kodi. Walimshtaki wakili bingwa ambaye maoni yake yalitumika kuinadi. Wakashindwa, na rufaa yao nayo ikashindwa mwaka uliofuata. Mahakama ilisema wajibu wake ulikuwa kwa aliyemtuma kazi, na wao walitegemewa kuwa na washauri wao. Ilisema pia ushauri wenyewe haukuwa wa uzembe kwa sheria ilivyoeleweka wakati ule. Naikubali hukumu hiyo kama sheria, ila kimaadili haijanijibu. Maana kama hadaiwi na walionunua kwa jina lake, na hadaiwi na hazina kwa kuwa si mteja wake, basi sahihi yake inamfungamanisha na mtu mmoja tu, yule anayemlipa.

Nilimweleza hivyo rafiki yangu mmoja, wakili wa kodi hapa Dar, dada mkali kwa maneno. Akaniambia, “Kaka, wewe unataka niwe mchungaji. Sheria mbovu imeandikwa na Bunge, si na mimi. Mteja ana haki ya kujua mstari uko wapi.” Nikamjibu kwamba kumwonyesha mtu mstari ni kitu kimoja, kumjengea daraja juu yake na kuuza tiketi ni kitu kingine. Akacheka, akasema mfano wangu ni wa kigazeti. Halafu akasema jambo lililonibakia: “Mbona hujauliza mimi huwa namkosa nani?”

Anawakosa wengi. Tanzania ukitaka kupinga makadirio ya TRA una siku 30, na pingamizi lako halipokelewi mpaka ulipe kiasi kisichobishaniwa au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kwa mgodi theluthi ni mstari kwenye mahesabu. Kwa mwenye duka la vitenge Kongo na Msimbazi, theluthi ndiyo mtaji wenyewe. Hivyo Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo hawakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Walifunga maduka. Waziri Mkuu akaja, wakamweleza manung'uniko yao kwa kipaza sauti kimoja baada ya mwingine, na ukisikiliza vizuri nyingi zilikuwa hoja za kisheria kabisa zilizokosa wa kuziandika. Sitoi mkono wangu kuwasifu wakili wa tajiri kwa haki ya kusikilizwa huku nikijua haki hiyo ina kiingilio.

Kesi mama ya mambo haya yote iliamuliwa Uingereza mwaka 1935. Mtawala wa Westminster, miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi ile, alishauriwa kuwalipa wafanyakazi wake kwa hati za ahadi ya fedha badala ya mshahara, kwa kuwa fedha ya hati ingepunguza kodi yake na mshahara usingeipunguza. Akashinda, na jaji mmoja akaandika kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi iwe ndogo, maneno yanayorudiwa na mawakili wa kodi mpaka kesho. Lord Atkin, yuleyule aliyemwezesha mwanamke wa Scotland kudai fidia ya konokono kwenye chupa miaka mitatu kabla, alibaki peke yake upande wa pili.

Mmoja wa wafanyakazi hao alikuwa mtunza bustani. Kwa hati ile, ukiisoma herufi kwa herufi, fedha yake haikuwa mshahara, hivyo angeweza kuichukua na bado akadai ujira kamili wa jembe lake. Ila aliletewa barua pamoja na hati, ikimweleza kwamba haki hiyo anayo, lakini inategemewa ataridhika na alichonacho. Akaweka sahihi kwamba ameelewa. Barua ile iliandikwa na wanasheria wa bwana wake, na kesho yake, nadhani, alirudi kupalilia.