Je, Saa ya Mtu Inaweza Kuuzwa?

Swali la iwapo muda unaweza kuuzwa lilikuwapo kabla ya viwanda, kwa kuwa wanatheolojia wa Ulaya ya Zama za Kati walimlaani mla riba kwa hoja kwamba anauza muda, ilhali muda ni wa Mungu. Katika kiwanda muuzaji aligeuka kuwa maskini, na laana ikasahauliwa. Karl Marx alieleza mwaka 1867 kwamba mfanyakazi huuza nguvukazi, yaani uwezo wake wa kufanya kazi kwa kipindi maalumu, na ndiyo maana urefu wa siku ya kazi ukawa kiini cha ugomvi, kama ilivyokuwa Chicago mwaka 1886, wafanyakazi walipogoma wakidai siku ya kazi ya saa 8.

Katika sanaa, wachoraji wa viwanda, Adolph Menzel akiwamo, walionesha moto, chuma na misuli. Muda wenyewe hauchoreki kwa urahisi. Aliyeuonesha ni Tehching Hsieh, msanii mzaliwa wa Taiwan, ambaye kuanzia tarehe 11 Aprili 1980 hadi tarehe hiyohiyo mwaka 1981, jijini New York, aligonga kadi ya mahudhurio kila saa, usiku na mchana, akijipiga picha moja kila mara. Alianza akiwa amenyoa kichwa, na katika filamu ya dakika kama 6 iliyotokana na picha hizo nywele zinaota hadi mabegani. Hakuzalisha chochote wala hakulipwa. Kilichobaki ni utii kwa saa.

Inaweza kupingwa kwamba Hsieh alijichagulia adhabu, tofauti na kibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambaye ujira wake ulitegemea kutimiza siku 30 za kazi katika kadi iliyoitwa kipande. Pingamizi hilo ni zito, na Hsieh mwenyewe husema kazi yake inahusu kupita kwa muda tu. Hata hivyo, kati ya saa 8,760 alikosa 133, na 94 kati ya hizo alikosa kwa sababu usingizi ulimzidi, ingawa hakuna msimamizi aliyemchosha. Kwa hiyo hoja ya wanatheolojia inahitaji marekebisho: anayenunua saa hununua pia mwili unaochoka ndani yake, na madai ya saa 8 hayakuwa upendeleo ulioombwa kwa mwajiri, bali mpaka wa kile ambacho mtu ana haki ya kukiuza.