Nani Ajue Jina Langu?

Asubuhi moja mwaka jana binamu yangu alifungua kibanda chake cha ususi hapa Gatina, akangoja wateja hadi saa sita, na hakuna aliyekuja. Saa sita na nusu mteja wake wa miaka mingi akamtumia skrinshoti. Akaunti isiyo na jina la mtu, yenye picha ya simba, ilikuwa imeweka picha zake tatu na maelezo marefu: kwamba ana ugonjwa, kwamba anaambukiza watu makusudi, kwamba waume wa ploti nzima wamepitia kwake. Hakukuwa na neno la kweli hata moja. Lakini ususi ni kazi ya mikono juu ya kichwa cha mtu, na mtu akishaogopa mikono yako, biashara imekwisha.

Nilimkuta jioni amekaa ndani, mlango umerudishwa, anasoma maoni moja baada ya jingine. Nikamwambia azime simu.

"Sasa nikizima, wao watakuwa wamezima?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilikuwa na msimamo mmoja tu: kila anayefungua akaunti atoe kitambulisho. Jina kamili, namba, hata alama ya kidole ikibidi. Mtu akijua anajulikana, atashika adabu. Niliandika aya tatu kwa hasira, ikabaki kubonyeza tu. Ndipo nikagundua nilikuwa nimeingia kwenye akaunti yangu nyingine, ile isiyo na jina langu.

Akaunti hiyo naiendesha kwa sababu ya maji. Naweka picha za mabomba yaliyokatwa, naandika mtungi umepanda kutoka bei gani hadi gani, na ni kona gani maji yanauzwa siku ambayo mifereji yetu yote imekauka. Wanaokata mabomba si watu wa kuchezewa, na baadhi yao hunisalimia asubuhi nikielekea stejini. Ningeambiwa nionyeshe kitambulisho ili niendelee kuandika, ningeifunga akaunti hiyo kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo nilitaka simba avuliwe ngozi, na mimi nibaki nimejifunika shuka. Huo ni unafiki, ama kuna tofauti ya kweli kati yetu? Nimelibeba swali hili tangu siku hiyo.

Tuanze na kile ambacho tayari tumejaribu. Laini zote za simu nchini zinatakiwa kusajiliwa kwa kitambulisho. Mwaka 2022 tulipanga foleni tena kuhakikisha usajili wetu, hadi tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Je, simu za "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie" ziliisha? Jana tu mama mboga wetu amepigiwa. Laini inayotumiwa na tapeli ina jina, ndiyo, lakini mara nyingi ni jina la shosho fulani ambaye hajui hata kwamba ana laini ya pili.

Korea Kusini walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayetaka kuandika, sababu ikiwa ni haya haya matusi. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya mitandao. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria, ikisema haikuonekana kupunguza uovu kwa kiasi cha maana, huku ikiwanyamazisha watu. Matusi yalibaki, majina yakaibwa.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nikahesabu. Ile akaunti ya simba ilikuwa na wafuasi wasiozidi sitini. Binamu yangu hakuangushwa na watu sitini. Aliangushwa na grupu la WhatsApp la ploti, grupu la chama, na grupu la wazazi wa shule. Humo nilihesabu watu thelathini na mmoja waliosambaza ile picha, kila mmoja kwa namba yake iliyosajiliwa, kwa jina lake halisi, wengine wakiwa na picha za watoto wao ndani ya majoho ya mahafali. "Nimetumiwa tu, sijui kama ni kweli." "Wamama tuchunge." Mmoja alikuwa amesukwa na binamu yangu Jumamosi iliyotangulia.

Aliyewasha kiberiti alijificha. Waliobeba kuni hawakuona haja ya kujificha, maana kila mmoja alijua hakuna atakayemuuliza kitu. Adabu hailetwi na jina peke yake. Inaletwa na kujua kwamba uliyemuumiza anaweza kuja kukuuliza, na wengine wakamuunga mkono.

Tukidai vitambulisho, tuulize pia kitambulisho kimekuwa kikitumika kwa nani. Sheria ya kipande ilipitishwa na wakoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande hakikuwekwa ili mnyonge aweze kumpata aliyemdhulumu. Kiliwekwa ili tajiri ampate mfanyakazi aliyetoroka.

Hiyo ni zamani, utasema. Basi nenda Kibera leo, uwaulize Wanubi, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Waingereza. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akifika 18 hakupata kitambulisho kama wenzake. Alipitishwa mbele ya kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya. Ilipokuja Huduma Namba, shirika lao la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango huo hauwezi kuendelea bila sheria madhubuti ya kuulinda. Ukisema "asiye na kitambulisho asiongee mtandaoni," kuna watu hapa hapa jirani uliowanyamazisha kabla hawajafungua mdomo.

Na wale wanaotafuta jina kwa haraka zaidi ni akina nani? Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya machapisho kwenye X yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Binamu yangu naye alipiga ripoti kituoni kuhusu simba. Aliulizwa kama kuna mtu amemkosea, akaambiwa arudi wiki ijayo. Mkubwa akiguswa, jina hupatikana. Msusi akiguswa, anaambiwa arudi.

Lakini nisijipendelee. Simba naye angesema anawatahadharisha watu. Kila aliyevaa kinyago huamini anasema ukweli ambao wengine wanauogopa. Nia haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu kila mtu ana nia njema akiulizwa.

Kipimo nilichokipata ni hiki: je, aliyetuhumiwa anaweza kujibu bila kuvuliwa nguo? Nikiandika kwamba bomba limekatwa kona fulani, bomba lipo. Nenda kaangalie, na kama nimedanganya nitaumbuka. Mwenye cheo akiambiwa amekula pesa za umma, kuna vitabu vya hesabu. Lakini mwanamke akiambiwa ana ugonjwa, ajibu vipi? Abandike majibu ya hospitali mlangoni? Aeleze amelala na nani na nani hajalala naye? Swali lenyewe ndilo tusi. Anayesema mambo ya namna hiyo hastahili kivuli, awe na nia gani.

Na avuliwe na nani? Si na kampuni inayokusanya vitambulisho vya kila mtu mapema, kana kwamba sote ni washukiwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 tayari ina mlango: kifungu cha 27 kinaruhusu mahakama kumwamuru mtoa huduma atoe taarifa za mteja anayelalamikiwa. Hakimu asikilize kwanza, jina lifuate. Shida ni kwamba mlango huo uko mbali na kibanda cha ususi. Unataka wakili, nauli, na siku za kazi zilizopotea. Ningependa kelele zetu zote za "wathibitishwe!" ziwe kelele za kuusogeza mlango huo karibu.

Simba, mwishowe, tulimjua bila serikali. Alikuwa ameandika jina la utani ambalo binamu yangu aliitwa utotoni, na wanaolijua ni wachache. Ni kijana aliyekataliwa. Mzee wa Nyumba Kumi alimwita, akafuta, akaomba msamaha mbele ya watu watano kwa kosa alilolifanya mbele ya mamia. Wateja wamerudi nusu. Wale thelathini na mmoja hawajaulizwa chochote.

Nami nina la kwangu. Miezi kadhaa kabla ya hapo niliweka picha ya mkokoteni wa maji kando ya bomba lililokatwa. Mwenye mkokoteni hakukata chochote. Alikuwa ananunua pale kama wengine, akauze. Nilipoambiwa, nilifuta picha usiku, kimya kimya, nikajiambia yameisha. Yeye alikaa karibu wiki mbili watu wakimkwepa, bila kujua aanzie wapi kuuliza.

Jumapili iliyopita nilimfuata mahali anapoegesha. Nikamwambia, "Mzee, ile picha ni mimi." Alinyamaza muda mrefu, akifunga kamba ya mitungi yake. Kisha akaniuliza kama nitaandika pale pale nilipoandika mwanzo. Nikaandika jioni hiyo, kwa jina lile lile la kubuni, kwamba nilikosea, na kwamba mtu yule hakuwa na hatia.

Jina langu la kweli analo yeye. Akitaka kulipeleka kwa hakimu, ni haki yake. Wanaokata mabomba bado hawalijui, na ningependa ibaki hivyo.